Frankie Knuckles na Ghala la Mtaa wa Jefferson



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata chini ya mwembe ule wa karibu na bwalo, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Alikuwa amesikia kwamba zamani mimi nilikuwa mkuu wa burudani hapa shuleni. Akasema, "Mzee, kupiga santuri kweli ni kazi ya mtu kuifanya maisha yake yote?" Nilimjibu haraka haraka kwamba asome kwanza, mengine yatafuata. Yeye aliridhika na jibu hilo. Mimi sikuridhika, na nilipofika nyumbani swali lake lilikuwa bado linanizunguka kichwani. Makala haya ndiyo jibu langu la pili.

Wale tuliokuwa pamoja mabwenini mwishoni mwa miaka ya 1970 watakumbuka jinsi dansi zetu zilivyokuwa. Meza za bwalo zilisukumwa ukutani, gramafoni ya shule ikawekwa juu ya meza ya mwalimu wa zamu, nami nikasimama nyuma yake kama karani wa posta. Santuri zetu nyingi zilikuwa ndogo, za wimbo wa dakika tatu. Wimbo ukiisha, kimya. Niinyanyue sindano, niitoe santuri, niifute vumbi, niweke nyingine, na muda huo wote wachezaji wamekwisha rudi vitini: wavulana upande huu, wageni wetu wasichana upande ule, na joto lote la ukumbi limepotea. Wimbo unaofuata ulikuwa na kazi ya kuwaamsha upya. Kimya kile kilinitesa kuliko mtihani wa hesabu.

Miaka ile ile, ng'ambo ya bahari, kijana mmoja mweusi wa Marekani alikuwa akiwachezesha watu usiku kucha mpaka Jumapili jua limepanda, bila kimya hata kimoja. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Francis Warren Nicholls. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Frankie Knuckles.

Alizaliwa tarehe 18 Januari 1955 huko Bronx, katika jiji la New York. Hakusomea muziki. Alisomea ubunifu wa nguo na vitambaa, na sidhani kama elimu hiyo ilipotea bure, maana kazi aliyokuja kuifanya ilikuwa ni ya kukata na kushona, isipokuwa kitambaa chenyewe kilikuwa sauti. Rafiki yake mkubwa tangu ujana alikuwa Larry Levan, kijana wa Brooklyn. Wawili hao waliingia katika kumbi za dansi za New York kwa mlango wa nyuma kabisa: katika ukumbi ulioitwa The Gallery kazi yao ilikuwa kusaidia kupamba na kupuliza maputo. Hapo ndipo walipomtazama Nicky Siano, mwenye ukumbi, akifanya kazi mezani kwake.

Naomba niieleze kazi yenyewe, kwa kuwa vijana wa leo wanaiona kwenye simu na kudhani ilikuwa hivyo siku zote. Dijei alikuwa na gramafoni mbili na kisanduku kimoja cha kuchanganyia sauti katikati. Wimbo wa kwanza ukiwa unaendelea kusikika ukumbini, yeye huusikiliza wa pili kwa masikioni peke yake, huongeza au kupunguza mwendo wa santuri hiyo mpaka mapigo ya ngoma zote mbili yaende pamoja, halafu huuingiza wa pili polepole na kuutoa wa kwanza. Ikiwa amefanya vizuri, mchezaji hajui wimbo mmoja umeisha wapi na mwingine umeanzia wapi. Ufundi huo haukubuniwa na Frankie. Ulikwishaanza New York mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa watu kama Francis Grasso. Lakini Frankie na Larry waliukuta ungali mchanga wakaulea. Wote wawili walipata kazi Continental Baths, mahali pa kuogea na kustarehe palipokuwa chini ya jengo la hoteli moja kubwa upande wa magharibi wa jiji, na Larry alipoondoka, Frankie aliendelea hadi mahali hapo palipofungwa.

Mwaka 1977 Robert Williams, mtu wa New York aliyehamia Chicago, alitaka kufungua ukumbi wa dansi wa namna ya New York. Alimtaka Larry Levan. Larry alikataa, kwani alikuwa anajengewa ukumbi wake mwenyewe, ule uliokuja kuitwa Paradise Garage. Basi Williams akamgeukia Frankie. Huyo ndiye mtu tunayemwita baba wa muziki huu leo, ambaye kwa hakika alikuwa chaguo la pili! Alikubali, akafunga virago, akahamia mji ambao hakuwa na ndugu.

Ukumbi ulikuwa katika jengo la zamani la kazi za viwanda, namba 206, Mtaa wa Jefferson Kusini. Uliitwa The Warehouse, yaani Ghala. Pombe haikuuzwa, watu walikunywa maji na sharubati. Milango ilifunguliwa Jumamosi usiku, na waliokuwa na nguvu walitoka Jumapili wakati wengine wanarudi kutoka kanisani. Wateja wa kwanza walikuwa hasa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi wao walikuwa watu wa mapenzi ya jinsia moja, kama alivyokuwa Frankie mwenyewe. Sitalipita jambo hili kimya kimya kama wanavyofanya baadhi ya waandishi, kwa sababu bila hilo historia haieleweki. Hao walikuwa vijana waliofungiwa milango mara mbili: katika kumbi za wazungu kwa ajili ya rangi yao, na mara nyingi majumbani kwao kwa ajili ya hali yao. Frankie mwenyewe aliufananisha ukumbi ule na kanisa la watu walioanguka. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya maisha ya watu hao, lakini hakuna anayeweza kukanusha kwamba muziki huu ulizaliwa mikononi mwao.

Sasa tuje kwenye usiku mmoja ambao haukumhusu Frankie kabisa, na bado ulimhusu kuliko yeyote. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park hapo hapo Chicago, mtangazaji mmoja wa redio, Steve Dahl, aliyekuwa adui mkubwa wa disko, aliandaa tamasha la kuchoma santuri. Aliyeleta santuri ya disko aliingia kwa senti 98 tu. Watu walijaa pomoni. Kati ya mechi mbili za siku hiyo sanduku kubwa la santuri lililipuliwa kwa baruti katikati ya uwanja, na maelfu ya vijana wakavamia nyasi, wakawasha mioto, wakaharibu uwanja kiasi kwamba mechi ya pili haikuchezwa na timu ya nyumbani ikahesabiwa kuwa imeshindwa.

Mmoja wa vijana waliokuwa wameajiriwa kuwaelekeza watazamaji vitini usiku huo alikuwa kijana mweusi aitwaye Vince Lawrence. Amesimulia mara nyingi kwamba alizitazama santuri zilizoletwa na kugundua kuwa nyingi hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa tu santuri za wanamuziki weusi. Lishikeni jina la kijana huyo, litarudi.

Baada ya usiku ule kampuni kubwa za santuri za Marekani ziliikimbia disko kana kwamba ina ukoma. Santuri mpya za dansi zikaadimika. Wenye kumbi wengi walibadili muziki au walifunga. Frankie alikuwa na ukumbi unaojaa kila Jumamosi na hana nyimbo mpya za kutosha kuulisha. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ukubwa wake unapoonekana, kwa sababu dhiki ile ndiyo iliyomfanya aache kuwa mpigaji tu wa santuri na kuwa mtengenezaji.

Akisaidiwa na rafiki yake Erasmo Rivera, aliyekuwa anasomea ufundi wa sauti, alianza kuzirekodi nyimbo za zamani kwenye tepurekoda ya mikanda mipana, ile yenye magurudumu mawili. Kisha ukanda ulikatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe wa gundi. Kipande cha ngoma cha sekunde chache kilirudiwa na kurudiwa mpaka kikawa cha dakika kadhaa. Sauti ya mwimbaji ilicheleweshwa ili watu waingoje kwa hamu. Besi iliongezwa nguvu. Wimbo wa Philadelphia ambao kila mtu alikwisha kuuchoka ulitoka hapo ukiwa mgeni. Kulikuwa pia na mchezo wake mmoja ambao waliohudhuria hawakuusahau: taa zote zikizimwa, ukumbi mzima gizani, ilisikika garimoshi ikija kwa mbali, ikikaribia, ikapita kwa kishindo kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Watu walipiga mayowe. Nami nilikuwa nafuta vumbi kwa kitambaa!

Jina la muziki huu lilitokana na ghala lile. Vijana walikwenda kwenye duka la santuri liitwalo Importes Etc. wakiulizia zile nyimbo walizozisikia Warehouse, na wauzaji wakaona heri wabandike kibandiko kabisa ili kupunguza maswali. Maneno ya kibandiko yakafupishwa, nusu ya kwanza ya jina la ukumbi ikaanguka, ikabaki "House". Kwa hiyo wale wanaotafsiri kwa kusema "muziki wa nyumbani" wanakosea; kama ni tafsiri, basi ingekuwa "muziki wa ghalani". Mimi nitasema hausi na yaishe.

Kiasi cha mwaka 1982 Frankie na Williams waliachana. Williams alifungua ukumbi mwingine, Music Box, akamweka dijei Ron Hardy, mtu mkali ambaye wako wanaomwona kuwa alimzidi Frankie kwa ujasiri. Frankie naye alifungua ukumbi wake, Power Plant, mwaka 1983. Ushindani wao uliwanufaisha vijana wa Chicago, maana kila mtu aliyetengeneza wimbo chumbani kwake alikuwa na mahali pawili pa kuupeleka ukajaribiwe. Na vijana walikuwa wanatengeneza. Mashine za ngoma za kampuni ya Roland ya Japani, ambazo wanamuziki wakubwa hawakuzithamini kwa kuwa hazikutoa sauti ya ngoma ya kweli, ziliuzwa kwa bei nafuu madukani mwa vitu vilivyotumika. Frankie mwenyewe alinunua ya kwake, TR-909, kutoka kwa Derrick May, kijana wa Detroit ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tekno. Aliipiga chini ya santuri zake kuongeza mapigo: moja, mbili, tatu, nne, bila kupumzika.

Mwaka 1984 ilitoka santuri ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya hausi, "On and On" ya Jesse Saunders. Aliyeitunga pamoja naye? Vince Lawrence, yule kijana wa Comiskey Park.

Ninafika sasa kwenye sehemu ya hadithi hii ambayo hainifurahishi, lakini mwandishi wa historia si mpiga debe. Kijana wa Chicago aliyejiita Jamie Principle alitunga na kuimba wimbo "Your Love". Kwa muda mrefu wimbo huo haukuwa santuri; ulikuwa kanda tu, ambayo Frankie aliipiga Power Plant hadi mji mzima ukaujua, na nakala za kanda zikapita mkono kwa mkono. Frankie alishirikiana naye kuutengeneza zaidi. Lakini kampuni ya Trax Records ilipoutoa mwaka 1987, jina lililowekwa mbele lilikuwa la Frankie Knuckles, na hadi leo watu wengi wanaamini sauti inayoimba ni yake. Sivyo. Sauti ni ya Jamie. Jamie hakulifurahia jambo hilo, na ana haki. Mwaka 1991 muziki wa wimbo huo uliunganishwa na sauti ya mwimbaji Candi Staton, ukapanda hadi namba 4 nchini Uingereza kwa jina la "You Got the Love". Mamilioni wameucheza bila kuwajua Jamie wala Frankie.

Sisi tuliokulia enzi za kanda, tulioona muziki wa bendi zetu ukinakiliwa na kuuzwa mitaani huku wapigaji wakienda nyumbani kwa miguu, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Trax ilikuwa na kiwanda chake cha kukandamiza santuri, na ubora wake ulikuwa duni mno, kwani plastiki ya santuri za zamani iliyeyushwa ikatumika tena. Wanamuziki wengi wamelalamika kwamba hawakulipwa mirabaha yao. Mwaka 2020 Larry Heard na Robert Owens, wawili kati ya wakubwa wa hausi, waliishtaki kampuni hiyo mahakamani, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya nyimbo zao kutoka, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 2022. Miaka thelathini! Kijana wangu wa Kidato cha Tatu, ukisahau mengine yote, usisahau kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Wakati huohuo muziki wenyewe ulikuwa umevuka bahari. Mwaka 1986 wimbo wa Farley "Jackmaster" Funk uliingia kumi bora Uingereza, na Januari 1987 "Jack Your Body" wa Steve "Silk" Hurley ulishika namba 1. Frankie alikwenda London mwaka huo, akapiga kwa miezi kadhaa, kisha akarudi New York alikozaliwa. Huko aliungana na David Morales na Judy Weinstein katika kampuni ya Def Mix. Kazi yao ilikuwa kuuchukua wimbo wa mwimbaji mashuhuri, kubakiza sauti yake, na kuujengea muziki mwingine chini yake kwa ajili ya kumbi za dansi. Katika miaka iliyofuata walipita mikononi mwake Chaka Khan, Diana Ross, Luther Vandross na Michael Jackson. Mkono wake ulitambulikana upesi: piano, nyuzi, mwendo usio na haraka. Hakupenda kelele. Santuri yake mwenyewe "Tears" ya mwaka 1989, aliyoifanya na Satoshi Tomiie wa Japani huku Robert Owens akiimba, mimi naiweka juu ya zote, hata juu ya "The Whistle Song" ya mwaka 1991, ambayo ndiyo iliyopata sifa nyingi zaidi.

Waliobaki nyuma hawakuwa na bahati hiyo. Paradise Garage ilifungwa mwaka 1987. Mwaka 1992 Ron Hardy alifariki, na Novemba ya mwaka uleule akafariki Larry Levan, chaguo la kwanza la Robert Williams, akiwa na umri wa miaka 38.

Mwaka 1998 waandaaji wa tuzo za Grammy, walipoanzisha kwa mara ya kwanza tuzo ya mtengenezaji bora wa nyimbo zilizochanganywa upya, walimpa Frankie. Tarehe 25 Agosti 2004 mji wa Chicago uliipa sehemu ya Mtaa wa Jefferson, pale lilipo ghala, jina la heshima la Frankie Knuckles Way. Mmoja wa waliosaidia jambo hilo lifanikiwe alikuwa seneta wa jimbo la Illinois ambaye nje ya Marekani hakuwa akijulikana sana, Barack Obama. Ni miaka 25 tu ilikuwa imepita tangu mji uleule ulipue santuri uwanjani.

Afya yake haikuwa nzuri. Alikuwa na kisukari, na baada ya kuumia mguu akiteleza juu ya theluji, mfupa uliharibika hata ikabidi mguu wa kulia ukatwe mwaka 2008. Hakuacha kazi. Alisimama nyuma ya gramafoni zake miaka mingine sita. Alifariki Chicago tarehe 31 Machi 2014, akiwa na miaka 59, muda mfupi baada ya kurejea kutoka kupiga muziki Miami. Obama, wakati huo akiwa Rais, pamoja na mkewe, waliandikia barua ya rambirambi.

Mwaka 2023 halmashauri ya Chicago ililitangaza jengo la namba 206 kuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria. Santuri zake, zipatazo 5,000, zimehifadhiwa upande wa kusini wa mji katika benki ya zamani iliyojengwa mwaka 1923, ambayo msanii Theaster Gates aliinunua kwa dola moja ikiwa gofu na kuifanya nyumba ya sanaa. Mpwa wangu aliyekuwa anasoma huko alikwenda kuziona. Aliniandikia kwamba majalada mengi yamechakaa pembeni, pale vidole vinaposhika wakati wa kutafuta wimbo gizani, na kwamba siku hiyo palikuwa na gramafoni mbili mezani.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu ni ndiyo, alifanya maisha yake yote, miaka zaidi ya 40, na mguu mmoja ukiwa umekatwa. Katika mkutano ujao, Mhariri akiniruhusu na jenereta la shule likikubali, nitakuja na "Tears" pamoja na gramafoni zangu mbili. Wenzangu wa mwaka wetu nawaomba mapema: santuri ya kwanza ikikaribia kuisha, msirudi vitini.